Anayepiga Mayowe Bado Amelala

Mama yeyote anavijua vilio vya mwanawe. Kuna cha njaa, kuna cha kuanguka, kuna cha kupokonywa simu. Sauti inayotoka chumba cha kuamkia, pale kando ya thieta, haifanani na chochote kati ya hivyo. Mtoto wa miaka 4, kilo 16, ametolewa mafindofindo na nyama za pua. Hazijapita dakika kumi tangu mpira wa kupumulia utolewe kooni, na sasa amejipinda kama upinde, macho wazi, anarusha mateke hewani, anaita "mama! mama!" na huyo mama amemshika mkono. Akivutwa kifuani anajisukuma. Akitazamwa usoni, macho yake yanampita mamake kana kwamba hapana mtu pale.

Hapo maneno huanza. Shangazi atasema dawa imempanda kichwani. Bibi atasema mtoto ameingiwa, kwani chumba chenye damu hakikosi wenyewe. Baba atakaa kimya, kisha aulize kwa sauti ya chini kama ubongo umeguswa. Na nesi aliyechoka, ambaye ameshapokea watoto sita tangu asubuhi, atasema ni maumivu, au atasema mtoto amedekezwa.

Mtoto huyo hajaamka. Miguu imeamka, sauti imeamka, macho yamefunguka, lakini yule anayemjua mamake bado amelala. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani, hatuna haja ya kuazima: anaweweseka. Ni sawa na mtoto anayeinuka usiku wa manane akilia macho wazi, ukimuuliza ana nini hajibu, na asubuhi hakumbuki lolote. Ila usingizi wa huyu uliletwa na gesi.

Ukilishika hilo moja, mengine yanajipanga yenyewe. Aliyelala haulizwi maswali, haamrishwi, hakaripiwi wala hatikiswi. Analindwa asijiumize mpaka amalize kuamka.

Jambo lenyewe si geni. Eckenhoff na wenzake walilieleza nchini Marekani mwaka 1961, enzi za etha, dawa ya kale ya usingizi. Lilianza kusemwa tena kwa nguvu miaka ya 1990, sevoflureni ilipoenea. Gesi hiyo inapendwa kwa watoto kwa sababu haiwashi pua, hivyo mtoto hulala kwa kupumua tu bila kudungwa sindano kwanza, na huamka upesi. Halotheni, gesi ya zamani, ilimtoa mtoto taratibu, na waliokuwa wakiweweseka walikuwa wachache zaidi. Watu wakasema basi, kosa ni kasi ya kuamka. Lakini propofoli, dawa ya usingizi ya kudungwa mshipani, nayo humwamsha mtu upesi, na watoto wake huamka wametulia. Wengine wakasema ni maumivu. Lakini mtoto aliyelazwa kwa sevoflureni ili apigwe picha ya MRI tu, ambaye hakuguswa na kisu, naye huweza kuamka akipiga mayowe vilevile. Maumivu huzidisha, wasiwasi huzidisha, gesi yenyewe ina mkono wake, na umri unabeba sehemu kubwa: wengi wao wako kati ya miaka 2 na 5. Upasuaji wa masikio, pua na koo unaongoza, na wa macho, kama makengeza, haupo mbali.

Ukisoma kwamba ni 10 kati ya 100 na mahali pengine ukasoma 80 kati ya 100, usishangae. Kila mtu alipima kwa kibaba chake. Muda, kwa bahati nzuri, hautofautiani sana. Huanza ndani ya nusu saa ya kwanza na kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya dakika 5 hadi 15. Wachache hufika dakika 45. Ikipita hapo, au mtoto aliyekwisha kumtambua mamake akaanza upya, acha kuiita kuweweseka na utafute kitu kingine.

Kwanza hewa

Kosa baya kuliko yote katika chumba hiki ni kumtuliza haraka mtoto ambaye alikuwa anakosa hewa. Ubongo uliokosa oksijeni nao hupiga mayowe, hujitupa na hung'oa dripu. Ukimdunga dawa ya kumlaza umemnyamazisha shahidi.

Kibano cha kupima oksijeni kikiwekwa kwenye kidole cha mkono unaorushwa huku na huku, kitakupa namba za uongo, mara 97, mara 81. Kihamishie kwenye kidole gumba cha mguu, kizungushie plasta, kisha mvalishe soksi juu yake. Wakati unasubiri mawimbi yatulie kwenye skrini, tazama ulimi na ndani ya midomo. Kucha ziache, maana hapa Mombasa nusu ya watoto wa kike wana hina kwenye kucha kila msimu wa harusi na rangi yake haikwambii kitu. Ikiwa oksijeni iko chini ya 94, mpe oksijeni kabla ya kufikiria dawa yoyote.

Anayelia kwa sauti kubwa ana njia ya hewa iliyo wazi, ingawa hiyo si hakika kwamba oksijeni inamtosha. Wa kukimbiliwa ni yule anayejitupa kimya, kifua kinabonyea chini ya mbavu, tumbo linainuka, na hewa haisikiki mdomoni. Huyo koo limejifunga. Oksijeni yote, taya lisukumwe mbele kutoka nyuma ya masikio, barakoa ikazwe usoni na mfuko uminywe ili hewa ikae na mgandamizo, na daktari wa usingizi aitwe kwa kupigiwa kelele, si kwa kutumiwa mtu. Ikiwa hapati nafuu, propofoli kidogo, kisha suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Haya yote ni ya sekunde, na ndiyo sababu mabomba ya sindano ya dawa hizo hujazwa na kuandikwa majina kabla mtoto hajaletwa.

Aliyetolewa mafindofindo mwangalie anavyomeza. Kumezameza bila kuwa na kitu mdomoni ni damu inayoteremka kwa nyuma. Chukua tochi uangalie koo.

Sukari ni tone moja la damu, na huku kwetu ina sababu yake maalumu ambayo nitaifikia. Ikiwa chini ya 3 mmol/L, glukosi ya 10%, mililita 2 hadi 5 kwa kila kilo: kwa mtoto wetu wa kilo 16 ni mililita 32 hadi 80. Kama rafuni ipo ya 50% peke yake, changanya mililita 1 yake na mililita 4 za maji ya sindano. Usiisukume ilivyo. Inaunguza mshipa.

Mengine hukaguliwa haraka. Papasa chini ya kitovu, kibofu kikiwa kimejaa utakihisi. Gusa miguu kama ni ya baridi, maana jua la nje la nyuzi 32 halimsaidii mtoto aliyelala saa nzima chini ya kiyoyozi. Mtoto aliyepigwa ganzi ya mgongoni kupitia mkiani, yaani chini kabisa ya uti wa mgongo, huweza kuamka hazihisi vizuri nyayo zake, na hilo peke yake linatosha kumtia hofu. Na ukiona mtoto anayerukaruka bila nguvu, kwa mikupuo mifupi, kama samaki aliyetupwa kwenye mashua, fikiria dawa ya kulegeza misuli ambayo haijaisha mwilini. Huyo hahitaji kubembelezwa, anahitaji kusaidiwa kupumua na kupewa dawa ya kuiondoa.

Maumivu au kuweweseka?

Hapa watu hubishana sana, na kuna mizani ya kuwaamulia. Sikich na Lerman waliitoa mwaka 2004, huitwa PAED, kifupi cha Kiingereza cha mizani ya kuweweseka kwa watoto wanapoamka. Ina vipengele vitano, kila kimoja alama 0 hadi 4. Vitatu vya kwanza vinahesabiwa kinyume: je, anamtazama machoni anayemhudumia, je, anayoyafanya yana makusudi, je, anatambua alipo. Asipofanya kabisa ni 4, akifanya kikamilifu ni 0. Viwili vya mwisho ni kuhangaika na kutobembelezeka. Hakuna kabisa ni 0, kupita kiasi ni 4. Jumla ikifika 10, shuku. Ikizidi 12, ni vigumu kukosea.

Tuwalinganishe watoto wawili. Wa kwanza hamtazami mtu (4), anarusha mikono ovyo na mara moja tu ameshika ukingo wa kitanda (3), hajui alipo (4), anahangaika sana (3), habembelezeki (3). Jumla 17. Wa pili analia kwa nguvu ileile: anahangaika (3), habembelezeki (3). Lakini anamtazama mamake (1), mkono wake unakwenda shingoni kila anapomeza (1), na daktari akikaribia anajificha (1). Jumla 9. Wote wawili wana kelele sawa na mateso sawa kwa anayesimama mlangoni. Wa pili yuko macho na koo linamuuma, mpe dawa ya maumivu sasa hivi. Wa kwanza anaweweseka.

Kwa hiyo tazama macho na mikono, usisikilize sauti. Nikiwa na nafasi ya kumfundisha nesi mgeni jambo moja tu, ni hilo. Na ukibaki na shaka, tibu maumivu. Ni kosa dogo kuliko kumwacha mtoto aumie.

Robo saa yenyewe

Andika saa aliyoanza. Dakika nne za mayowe huonekana kama ishirini, na bila saa kila mtu atataka dawa mapema mno.

Watu wawili wanatosha, watatu ni wengi. Mmoja kichwani, mmoja kwenye mkono wenye kanula, ule mrija wa dawa uliomo mshipani. Mtoto alale ubavu, uso umeelekea chini kidogo ili damu na mate vitoke. Vyuma vya pembeni vya kitanda vipandishwe na kufunikwa kwa blanketi zilizokunjwa, maana kichwa cha miaka 4 hutafuta chuma. Vua mshipi wa presha na nyaya za moyo, vinamkera na havisomi kitu. Kibano cha oksijeni ndicho pekee kinachobaki, na sauti yake isizimwe. Taa ya juu zima, uache ile ya ukutani ili rangi ya midomo ionekane. Kengele za mashine ya kitanda cha pili zipunguzwe, redio ya mhudumu izimwe.

Usimkandamize. Mtoto anayeweweseka akibanwa hupigana na ubano, na unaishia kumvunja nguvu badala ya kumlinda. Weka kiganja kimoja begani na kingine nyongani, uache viungo viende, uelekeze tu visigonge. Usimlalie kifuani kamwe, wala usimgeuze kifudifudi ukamkalia. Kanula ilipaswa kufungwa bandeji na kibao kabla hajaamka. Kama haikufungwa, shika kiwiko, si kiganja. Kanula isitolewe mpaka atulie kabisa, hata mama akiomba. Ikitoka, umepoteza njia ya dawa, na kumtafutia mshipa mtoto anayejirusha hakuna anayekupendelea.

Sauti iwe moja, ya chini, yenye mwendo mmoja. Na iite jina la nyumbani. Kwenye faili ameandikwa Abdulrahman. Nyumbani tangu kuzaliwa anaitwa Babu. Ukimwita "Abdulrahman, fungua macho!" unamwita mtu asiyemfahamu. Jina hilo huulizwa asubuhi na kuandikwa juu ya karatasi ya usingizi, pamoja na lugha anayosemeshwa kwao. Mtoto wa Kaloleni anayeongea Kigiriama na bibi yake hafarijiki kwa Kiingereza cha wodini.

Leso ya mama, ile aliyolala nayo jana na haijafuliwa, iwekwe shavuni, si juu ya uso. Na bibi akitaka kumsomea, amsomee. Sauti ya chini anayoijua mtoto, isiyopanda wala kushuka, ndiyo hasa tunayoitafuta, na hakuna dawa yenye madhara machache kuliko hiyo. Kinachokatazwa ni kumrushia maji usoni, kumtikisa, na kumfukiza. Chetezo chenye makaa hakiingii chumba chenye oksijeni. Na moshi wa ubani kwenye koo lililotoka kuondolewa mpira ni mwaliko wa koo kujifunga tena.

Mama naye aandaliwe, na si wakati mayowe yameshaanza. Maneno yanayotosha ni haya: "Mama Babu, akiamka huenda asikujue kwa dakika chache. Atalia, atakusukuma. Hana uchungu nawe wala hajaharibika, bado yumo usingizini. Kaa hapa, mwekee mkono, sema naye polepole, usimwinue mpaka akutazame." Mama aliyeambiwa hivi huwa msaada wa kwanza chumbani. Asiyeambiwa huanza kulia yeye, kisha kuna watu wawili wa kutulizwa.

Mara nyingi mwisho wake huja ghafla. Mayowe yanakatika, anavuta pumzi ndefu, anasinzia dakika mbili tatu, kisha anafungua macho na kuomba maji. Huyo ndiye aliyeamka.

Dawa, na mkono wa kuitoa

Dozi hizi ni za mwenye ruhusa ya kuzitoa na mwenye mfuko wa kupumulia mkononi. Si kila anayeweweseka anazihitaji. Nionavyo mimi, sababu za kutoa dawa ni tatu: anahatarisha mshono au jicho lililopasuliwa, anakaribia kujiumiza, au dakika zimepita kumi na hakuna dalili ya kupungua.

Propofoli, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Kwa kilo 16 ni miligramu 8 hadi 16, yaani mililita 0.8 hadi 1.6 ya ile ya miligramu 10 kwa mililita. Anza na kiasi kidogo. Mtoto atalala tena dakika kadhaa, na safari hii ataamka mwingine. Pumzi huweza kukatika kwa nusu dakika, hivyo usitoe ukaondoka.

Fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, mikrogramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, hasa pale maumivu yanaposhukiwa. Ampuli ya mikrogramu 100 katika mililita 2, ongeza maji ya chumvi ifike mililita 10, sasa kila mililita ina 10, na mtoto wetu atapata mililita 0.8 hadi 1.6. Kwa mtoto aliyetolewa mafindofindo kwa sababu alikuwa akikoroma na kukatika pumzi usiku, anza na nusu. Watoto hao hulemewa na dawa za jamii hii kuliko wenzao.

Deksmedetomidini, dawa ya kutuliza, mikrogramu 0.5 kwa kilo, ni nzuri sana ikipatikana. Kichupa cha mikrogramu 200 kikichanganywa kufika mililita 50 kinakupa 4 kwa mililita, hivyo mililita 2 kwa mtoto huyu, kwa dakika 10 bila haraka. Ikisukumwa mbio, moyo hupunguza mapigo hadi uanze kuhangaika wewe.

Midazolamu, nayo ya kutuliza, miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo, ndiyo iliyo karibu na mkono katika hospitali nyingi, na ndiyo ninayoipenda kidogo zaidi hapa. Humlaza kweli, lakini hukawia kutoka, na kuna watoto wachache ambao huwazidishia fujo badala ya kuwatuliza. Ukiona hivyo usiongeze nyingine.

Baada ya dawa yoyote, safisha kanula kwa maji ya chumvi mililita 3 hadi 5. Tone la fentanili au la dawa ya misuli lililobaki kwenye mrija husubiri dripu ya wodini limwingie mtoto ambaye hakuna anayemtazama.

Yaliyofanywa asubuhi

Sehemu kubwa ya robo saa hiyo huamuliwa kabla. Mtoto anayeingia thieta akilia na kuburutwa ndiye anayetoka akiweweseka zaidi; uchunguzi umelionyesha hilo mara kadhaa, na kuwaandaa watoto pamoja na wazazi kumepunguza mayowe.

Uongo ndio wa kwanza kuachwa. "Twaenda bustani ya Mama Ngina kula mihogo," anaambiwa mtoto, anavalishwa viatu vipya, anajikuta kwa watu waliovaa barakoa. Hatamwamini mtu tena siku hiyo, na kwa nini amwamini? Mwambie kwa lugha yake: utavuta hewa kwenye kikombe cha plastiki, utalala, ukiamka koo litauma na utapewa barafu. Barakoa safi apewe siku moja kabla akaichezee, amvishe mwanasesere, amvishe babake.

Kisha njaa. Wazazi huambiwa "asile tangu usiku", wanaogopa kukosea, wanamnyima hata maji. Familia inayotoka Msambweni inaamka saa tisa usiku, inasubiri feri ya Likoni, inafika saa kumi na mbili, na jina la mtoto linaitwa saa sita mchana. Masaa kumi na sita bila tone. Hiyo ndiyo ile sukari niliyoitaja. Kanuni yenyewe si ya kutisha. Upasuaji ukiwa saa mbili asubuhi, chakula, uji na chai ya maziwa mwisho saa nane usiku, ziwa la mama mwisho saa kumi, na maji au turungi (chai isiyo na maziwa) yenye sukari hadi saa kumi na mbili. Juisi ya embe yenye nyamanyama ni chakula, haihesabiwi kama maji. Zamu ikisogezwa mbele, maji nayo yasogezwe, na wodi iwaambie wazazi, si waambizane wenyewe kwenye benchi. Mtoto mdogo zaidi awe wa kwanza kwenye orodha.

Ndani ya thieta, daktari wa usingizi ana nafasi kadhaa. Bora kuliko zote ni kumlaza na kumweka usingizini kwa propofoli ya mshipa tangu mwanzo hadi mwisho, lakini inataka pampu, na pampu hazipo kila mahali. Isipowezekana, gesi ikikaribia kufungwa atoe propofoli miligramu 1 kwa kilo, au 3 kwa kilo zikigawanywa kwa dakika tatu. Kuamka kutachelewa dakika chache, nako kuchelewa huko kumelipiwa. Fentanili mikrogramu 1 kwa kilo dakika kumi hadi ishirini kabla ya mwisho nayo husaidia, na vilevile deksmedetomidini.

Maumivu yazibwe mtoto angali amelala. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: 240 kwa mtoto wetu, mililita 24 ya ile ya mshipa. Kwa ngiri au tohara, ganzi ya bupivakaini 0.25% kupitia mkiani, mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo, bila kuzidi miligramu 2.5 kwa kilo. Likizo za Agosti na Desemba, wavulana wa tohara wanapojaa, ganzi hii ndiyo inayofanya chumba cha kuamkia kiwe na utulivu au kiwe soko la Kongowea. Kwa tohara ganzi ya kwenye shina la uume yenyewe pia inatosha, ila isiwe ile yenye adrenalini.

Na akishafika chumba cha kuamkia, mwache. Kumpigapiga mashavu ili "tuone kama ameamka" ni tabia niliyoshindwa kuielewa. Anapumua vizuri, rangi nzuri, oksijeni 98, basi ana haki ya kulala. Wengi wa walioweweseka kwa kuamshwa wangeamka wenyewe baada ya dakika ishirini wakiomba maji.

Nyumbani

Asiondoke mpaka awe amemtambua mamake, amekunywa bila kutapika, na maumivu yametulia. Aliyetolewa mafindofindo akae upande wa feri ulio karibu na hospitali kwa usiku wa kwanza, kama kuna ndugu wa kumlaza. Damu ikianza saa nane usiku, foleni ya Likoni si mahali pa kuwa nayo. Siku ya 5 hadi ya 10, magamba yanapobanduka kooni, damu huweza kurudi tena. Barafu ni nzuri, ila si za ubuyu mwekundu wala rozi: akizitapika hutajua kama ni rangi au ni damu. Parasetamoli apewe kwa saa, usiku pia, siku chache za mwanzo, isingojewe mpaka alie. Dawa ya maumivu iitwayo kodini asipewe, yuko chini ya miaka 12.

Aliyeweweseka huweza kubadilika kidogo kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anakojoa. Anamng'ang'ania mama hadi chooni. Anakataa chakula alichokipenda. Hakuna haja ya kumfinya wala kumuaibisha mbele ya binamu zake. Ikipita mwezi, arudishwe kuonwa.

Usiku huweza kuinuka akilia macho wazi, kama pale hospitalini. Usiwashe taa kubwa, usimuulize. Angalia kwanza kama anapumua vizuri na kama mto una damu. Kama hakuna, mlaze ubavu, mwekee mkono mgongoni, mwite jina lake la nyumbani kwa sauti ya chini. Atavuta pumzi ndefu, atageukia ukutani, na asubuhi atauliza kama barafu bado zipo.